Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Shughuli za Baraza la Jiji Dogo Nchini Uganda

Maswali haya ni ya wasemaji wa Kiswahili wanaoishi katika majiji madogo ya Uganda: wachuuzi, waendesha boda boda, wapangaji na wenye nyumba, ambao hufika kwenye ofisi za jiji wakiwa na shida ya kweli lakini huelekezwa mlango mmoja baada ya mwingine mpaka saa za kazi zinakwisha. Majibu yamefuata sheria za nchi. Ada zinazotofautiana kati ya jiji moja na jingine hazikutajwa, kwa sababu hizo huulizwa katika ofisi ya divisheni yako.

Nikisema "Baraza la Jiji", ninamtaja nani hasa?

Unataja makundi mawili ya watu wanaoishi chini ya paa moja, na anayeyachanganya hupoteza siku nyingi. Kundi la kwanza ni la waliochaguliwa. Humo yumo Meya, anayechaguliwa na wapiga kura wote wa jiji kila baada ya miaka 5, na wamo madiwani wa maeneo ya uchaguzi pamoja na madiwani wa vijana, wa watu wenye ulemavu na wa wazee. Katiba ya 1995 inataka angalau theluthi moja ya viti vya baraza vishikwe na wanawake. Madiwani humchagua Spika kutoka miongoni mwao, naye ndiye anayeongoza vikao. Meya haongozi kikao cha baraza, ingawa wengi hudhani hivyo; kazi yake ni kuongoza kamati tendaji, ambayo ndani yake kuna naibu wake na makatibu wachache waliokabidhiwa sekta kama vile fedha, afya, elimu na ujenzi.

Kundi la pili ni la watumishi wa umma. Mkuu wao ni Karani wa Jiji, ambaye mitaani huitwa taun klaki, na yeye ndiye afisa masuuli, maana yake ndiye atakayeulizwa kwa kila shilingi iliyotoka kwenye akaunti ya jiji. Chini yake wapo mhandisi, mweka hazina, afisa wa mipango miji, afisa wa afya, afisa wa biashara na maafisa wa maendeleo ya jamii. Diwani hana uwezo wa kukupa leseni wala kutia saini kibali cha ujenzi. Mhandisi naye hana uwezo wa kuamua kwamba barabara ya mtaa wako itangulie ya mtaa wa jirani. Waliochaguliwa huamua lifanyike nini na litengewe kiasi gani, kisha watumishi hulitekeleza.

Kamishna Mkaazi wa Jiji, anayejulikana zaidi kwa herufi RCC, hayumo katika kundi lolote kati ya hayo. Huyo huteuliwa na Rais na hufuatilia miradi ya serikali kuu, kwa hiyo ukimpelekea shida ya leseni atakusikiliza kwa heshima, halafu atakurudisha kwa Karani.

Je, jiji letu bado liko chini ya wilaya?

Hapana. Arua, Gulu, Jinja, Mbarara, Mbale, Masaka na Fort Portal zilipandishwa hadhi kuwa majiji tangu tarehe 1 Julai 2020. Kabla ya hapo zilikuwa manispaa ndani ya wilaya zao. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa jiji ni sawa na wilaya, na baraza lake lina mamlaka yale yale ya baraza la wilaya katika eneo lake. Uchaguzi wa Januari 2021 ulikuwa wa kwanza kwa majiji hayo kumchagua meya wa jiji.

Chini ya jiji kuna divisheni, na kila divisheni ina baraza lake. Gulu ina Laroo-Pece na Bardege-Layibi, Masaka ina Nyendo-Mukungwe na Kimaanya-Kabonera, na Arua ina Arua Central na Ayivu. Chini ya divisheni kuna kata, ambayo ni LC II (LC ni baraza la mtaa), na chini ya kata kuna seli au kijiji, yaani LC I. Mipaka ilipopanuliwa, vijiji vingi vya wakulima viliingizwa ndani ya jiji, na ndiyo sababu leo mtu anaweza kuwa shambani kwake Ayivu anapalilia mihogo na bado akawa mkazi wa jiji mwenye haki ya kudai huduma za jiji.

Je, utaratibu wetu ni sawa na wa Kampala?

Si sawa. Kampala ina sheria yake ya mwaka 2010 na mamlaka yake, KCCA, kwa hiyo ushauri unaopewa na ndugu yako wa Kampala haufai kufuatwa neno kwa neno hapa.

Vikao vya baraza hufanyika lini, na je, mwananchi anaruhusiwa kuingia?

Baraza linatakiwa kukutana angalau mara moja kila baada ya miezi 2. Katikati ya vikao hivyo kamati za kudumu hukutana, na kusema kweli kazi kubwa hufanyika humo: hoja ya mtaro, ya soko au ya shule huchambuliwa na kamati, halafu hufika mbele ya baraza zima ikiwa imekwisha kukatwakatwa na kushonwa upya. Anayesubiri siku ya kikao kikuu ndipo amtafute diwani wake huwa amechelewa. Mtafute wiki kamati inapokaa.

Wananchi huruhusiwa kuketi sehemu ya wageni na kusikiliza. Hawaruhusiwi kuchangia mjadala, kupiga makofi wala kumkatiza msemaji. Iwapo una neno la kusema, litapitia kwa diwani wako, au kwa barua iliyoandikwa kwa Spika kupitia ofisi ya Karani wa Baraza. Kikao kisipotimiza akidi huahirishwa, na hilo hutokea mara nyingi kuliko inavyopendeza, hasa posho za madiwani zinapochelewa.

Je, ninaweza kuhudumiwa kwa Kiswahili?

Kiingereza ndicho lugha rasmi, na Ibara ya 6 ya Katiba inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, itakayotumika katika mazingira ambayo Bunge litayaweka kwa sheria. Mnamo Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Hata hivyo, mafaili ya jiji yanaandikwa kwa Kiingereza, na barua yako ikiwa kwa Kiswahili inaweza kulala mezani mpaka apatikane wa kuisoma. Kwa mazungumzo hakuna shida: katika masoko ya Arua, Gulu, Jinja au Mbale ni nadra kumkosa mtumishi anayejua Kiswahili. Kwa jambo la maandishi, mwombe afisa wa maendeleo ya jamii akusaidie kuliandika upya kwa Kiingereza, na ubaki na nakala zote mbili.

Mtaro wa mtaa wetu unafurika kila mwaka. Tufanye nini ili uingizwe kwenye bajeti?

Swali hili ndilo linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake limo kwenye kalenda. Mwaka wa fedha wa Uganda huanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni. Bajeti itakayoanza kutumika Julai haiandikwi Juni. Mapendekezo hukusanywa kutoka seli, kata na divisheni katika miezi ya Septemba na Oktoba. Mkutano wa bajeti wa jiji, ambao huwa wazi kwa wakazi, hufanyika Oktoba au Novemba. Na katikati ya Novemba jiji hupeleka Wizara ya Fedha waraka unaoonyesha mwelekeo wa bajeti yake. Baada ya hapo kinachobaki ni kupunguza. Makadirio huwasilishwa mbele ya baraza kufikia mwisho wa Machi na hupitishwa kufikia mwisho wa Mei, na katika kipindi hicho ni vigumu sana kuingiza jambo jipya bila kuondoa la mwingine.

Sasa itazame kalenda ya mvua. Huku kaskazini na West Nile mvua huzidi mnamo Agosti. Maji huingia nyumbani, watu hukasirika, redio za mji hujaa simu za malalamiko, Meya huahidi. Kufika Desemba udongo umekauka, na hakuna anayekumbuka tena mpaka mvua zirudi. Ilhali hasira ya Agosti ingeandikwa kwenye karatasi Septemba, ingeufikia mkutano wa bajeti kwa wakati wake hasa.

Karatasi hiyo iwe na nini? Kwanza, itaje jina la seli, kata na barabara, pamoja na mahali mtaro unapoanzia na unapoishia. Eleza urefu wake hata kama mmeupima kwa hatua za miguu, taja nyumba ngapi zinaingiliwa na maji, na kama kuna shule au zahanati karibu usiiache. Kama kuna karavati lililoziba au lililovunjika, litaje peke yake, kwa sababu kulibadilisha kunaweza kulipiwa kutoka fungu la matengenezo bila kusubiri mradi mpya. Barua itiwe saini na wakazi, ipigwe mhuri wa mwenyekiti wa LC I, ipite kata, na ipelekwe masijala ya divisheni, ambako nakala yenu itapigwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Nakala hiyo mtaihitaji mwaka unaofuata, kwa maana ombi likikosa nafasi mwaka huu halijitokezi lenyewe mwaka ujao. Ni lazima lirudishwe.

Mtu mmoja aende kwenye mkutano wa bajeti akiwa nayo mkononi. Nimehudhuria mikutano ya namna hii ambamo viti vya wageni rasmi vilijaa na viti vya wakazi vikabaki vitupu nusu nzima, na orodha ya miradi ikasomwa na kupokelewa bila swali hata moja.

Mbona baraza husema halina fedha, na huku serikali inatangaza mabilioni?

Mabilioni hayo mengi hufika yakiwa yamekwisha kupangiwa kazi. Katiba, katika Ibara ya 193, inataja ruzuku za aina 3 kutoka serikali kuu: isiyo na masharti, yenye masharti, na ya kusawazisha maeneo yaliyobaki nyuma. Sehemu kubwa ni yenye masharti. Mshahara wa mwalimu hauwezi kugeuzwa kuwa kokoto, na dawa za kituo cha afya haziwezi kugeuzwa kuwa taa za barabarani. Barabara nzuri zenye lami, mitaro na taa unazoziona katikati ya Gulu, Arua, Mbale au Fort Portal zilijengwa kwa mpango wa USMID uliogharimiwa kwa fedha za Benki ya Dunia kuanzia 2013, si kwa ushuru wa soko.

Fedha ambazo baraza lina uhuru nazo ni mapato yake ya ndani, nayo ni madogo. Hayo hukusanywa na divisheni, ambayo hubaki na asilimia 50 na kupeleka asilimia 50 jijini.

Ninafungua duka. Leseni ya biashara hupatikanaje?

Unaanza kwa afisa wa biashara wa divisheni ambamo duka lipo. Hapo biashara yako huwekwa katika aina na daraja la eneo, kiasi hukadiriwa, na unapewa namba ya malipo ambayo utaitumia benki au kwa simu. Baada ya kulipa unarudi kuchukua cheti, ambacho hubandikwa mahali kinapoonekana. Leseni hudumu miezi 12 tangu ilipotolewa, na ni ya mahali pale ulipoombea, kwa hiyo maduka mawili ni leseni mbili. Mwenye hoteli, bucha au kibanda cha chapati atakaguliwa pia na afisa wa afya, na wanaoshika chakula watatakiwa wapimwe.

Usimpe mtu fedha taslimu kwa ahadi kwamba "atakushughulikia". Niliwahi kulipa ada moja mara mbili katika mwaka mmoja, kwa kuwa mara ya kwanza nilipewa kikaratasi kilichoandikwa kwa kalamu, na mkusanyaji wa pili hakukitambua. Alikuwa na haki.

Kodi ya huduma ya serikali ya mitaa ni ile kodi ya kichwa ya zamani?

Siyo, ingawa wazee wengi huiita hivyo, na hofu yao inaeleweka, maana siku za kodi ya kichwa watu walikimbilia vichakani wakusanyaji walipoonekana. Kodi ile ilifutwa mwaka 2005. Hii ya sasa ilianza mwaka 2008 pamoja na kodi ya hoteli, ambayo hulipwa na mgeni anayelala chumbani.

Kwa mwenye mshahara, kiwango hutegemea anachobakiwa nacho kwa mwezi. Anayepata zaidi ya shilingi 100,000 hadi 200,000 hulipa 5,000 kwa mwaka. Anayepata zaidi ya 400,000 hadi 500,000 hulipa 30,000. Na anayezidi 1,000,000 hulipa 100,000, ambacho ndicho kiwango cha juu kabisa. Mwajiri huikata kwa mafungu 4 sawa katika miezi minne ya kwanza ya mwaka wa fedha, yaani Julai hadi Oktoba, kwa hiyo ukiona makato hayo Februari una sababu ya kuuliza. Askari wa jeshi, polisi na magereza hawalipi, na asiye na kazi halipi.

Je, nyumba ninayoishi inalipiwa kodi ya majengo?

Ikiwa wewe ndiye mwenye nyumba na unaishi humo mwenyewe, hailipiwi. Sheria ya kodi ya majengo ya mwaka 2005 ilirekebishwa mwaka 2006 ili kuwaondolea mzigo huo wenye nyumba wanaoishi humo. Ukiipangisha, au ukigeuza vyumba vya mbele kuwa duka, hali hubadilika.

Kodi hii hutokana na thamani ya pango la mwaka, ambalo hukadiriwa na mthamini, likapunguzwa gharama zinazoruhusiwa, halafu baraza likatoza asilimia lililoiamua, isiyozidi 12. Orodha ya uthamini inapotangazwa, mwenye nyumba hupewa muda wa kuikagua na kuweka pingamizi, na mahakama ya uthamini huketi kuzisikiliza pingamizi hizo. Huo ndio wakati wa kusema kwamba nyumba yako ya vyumba vinne imeandikwa vyumba saba. Muda ukishapita, kumlalamikia mkusanyaji hakusaidii, kwa kuwa yeye anasoma tu kilichoandikwa. Inafaa pia mlipaji ajue kwamba sheria inataka sehemu isiyopungua asilimia 75 ya kodi hii irudi kwa walipaji kama huduma: barabara, mitaro, taa na uzoaji wa takataka. Hoja hiyo ni nzuri kuibeba kwenye mkutano wa bajeti.

Ushuru wa soko nimlipe nani?

Mlipe mkusanyaji aliyeidhinishwa na jiji, na udai risiti ya kila malipo. Masoko makubwa ya ghorofa, kama yale ya Gulu, Lira, Mbale, Jinja, Hoima na Fort Portal, yalijengwa na Wizara ya Serikali za Mitaa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na ugawaji wa vizimba ulizusha ugomvi karibu kila mahali, kwa sababu waliokuwa wakiuza chini ya miavuli walikuwa wengi kuliko vizimba vilivyopatikana. Kizimba ulichopewa hakiuziki. Ukikinunua kwa mtu binafsi, jina litakaloonekana kwenye daftari la msimamizi wa soko litaendelea kuwa la yule wa kwanza.

Ninataka kujenga. Je, ni lazima nipate kibali hata kama ardhi ni yangu?

Ni lazima. Sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya mwaka 2010 iliitangaza nchi nzima kuwa eneo la mipango, na Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya mwaka 2013 inakataza kujenga bila kibali. Umiliki wa ardhi ni jambo moja na ruhusa ya kujenga ni jambo jingine.

Anza kwa afisa wa mipango miji kabla hata ya kumlipa mchoraji, ili akuonyeshe kwenye ramani kama kiwanja chako kimo katika hifadhi ya barabara, kwenye ardhi oevu, au katika eneo ambalo mpango unaruhusu matumizi mengine. Wengi hulipa michoro kwanza, na huo ni uchungu usio wa lazima. Baada ya hapo unawasilisha michoro na hati za ardhi, kamati ya mipango inaamua juu ya matumizi ya ardhi, na kamati ya majengo inaamua juu ya jengo lenyewe. Kazi ikianza, mkaguzi hufika katika hatua mbalimbali, kuanzia msingi. Jengo likikamilika unaomba kibali cha kulikalia.

Ukiona alama ya X nyekundu imepakwa ukutani kwako, usiifute na usikae kimya. Nenda ofisini siku hiyo hiyo ukaulize kwa maandishi ni sheria gani iliyovunjwa na umepewa siku ngapi.

Ni nani anayezoa takataka, na kwa nini hazizolewi kila siku?

Kuzoa takataka za maeneo ya umma ni wajibu wa jiji, ambalo hutumia magari yake au mkandarasi. Takataka za ndani ya kiwanja chako ni zako mpaka zifike mahali palipopangwa. Magari ni machache na mafuta yake hutoka kwenye mapato ya ndani yale yale yaliyotajwa juu, kwa hiyo masoko na katikati ya mji hutangulia na mitaa ya pembeni husubiri.

Sehemu kubwa ya takataka za miji yetu ni maganda ya ndizi na ya mihogo, majani na mabaki ya mboga, vitu vinavyooza na kuwa mbolea. Miji kadhaa, ikiwamo Mbale, Lira, Fort Portal na Arua, ilijengewa vituo vya kutengeneza mboji kwa usimamizi wa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na vituo hivyo hufanya kazi vizuri pale tu takataka zinapofika bila plastiki. Maporomoko ya jalala la Kiteezi karibu na Kampala mnamo Agosti 2024, yaliyoua zaidi ya watu 30, yalionyesha kinachoweza kutokea kila kitu kinaporundikwa mahali pamoja kwa miaka mingi. Kutenganisha maganda na plastiki nyumbani hakuhitaji kibali cha baraza.

Barabara ya mtaa wetu ina mashimo. Je, ni ya jiji?

Barabara za mitaa ni za jiji. Barabara kuu zinazopita mjini kuelekea mji mwingine au mpakani ni za taifa na ziko chini ya Wizara ya Kazi na Uchukuzi, ambayo imezirudisha mikononi mwake kazi za UNRA, iliyokuwa mamlaka ya barabara za taifa. Mhandisi wa jiji atakuambia barabara yako iko upande gani, na kama ni ya taifa muulize ofisi ya wizara iliyo karibu iko wapi, ndipo uipelekee barua.

Na maji, umeme, kitambulisho cha taifa?

Hivyo si vya baraza. Maji ya bomba mjini ni ya shirika la taifa la maji, umeme una shirika lake, na vitambulisho pamoja na vyeti vya kuzaliwa ni vya NIRA, mamlaka ya taifa ya vitambulisho na usajili.

Barua ya LC I ina nguvu gani?

Ni barua ya utambulisho: inasema kwamba unafahamika na unaishi hapo. Benki, shule, polisi na NIRA huiomba, na wauzaji wa ardhi humtaka mwenyekiti awe shahidi. Haithibitishi umiliki wa ardhi, hata ikiwa na mihuri mitatu. Kamati ya LC I ina watu 10, na uchaguzi wa Julai 2018, ambao wapiga kura walipanga mistari nyuma ya wagombea, ulikuwa wa kwanza tangu 2001.

LC I pia ni mahakama ndogo kwa sheria ya mwaka 2006. Inaweza kusikiliza madai ya madeni, mikataba na uharibifu wa mali yasiyozidi shilingi 2,000,000. Mgogoro wa ardhi ya kimila huanzia LC II.

Je, ndoa ya kimila huandikishwa wapi?

Huandikishwa katika ofisi ya divisheni, chini ya sheria ya mwaka 1973, na sheria inataka hilo lifanywe ndani ya miezi 6 baada ya sherehe kukamilika. Fikeni wote wawili pamoja na mashahidi. Mjane mwenye cheti hicho huwa na njia fupi sana ya kudai mirathi kuliko yule mwenye picha za sherehe peke yake.

Fedha za PDM, yaani mpango wa serikali wa maendeleo ya parokia, hutolewa na baraza?

Mpango huo ulizinduliwa wilayani Kibuku Februari 2022, na kila parokia au kata hupangiwa shilingi 100,000,000 kwa mwaka kupitia SACCO yake, yaani chama cha kuweka na kukopa. Kaya hukopa hadi shilingi 1,000,000 kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Watumishi wa jiji husajili, hufundisha na kufuatilia, lakini wanachama wa SACCO ndio wanaopitisha majina. Fomu hailipiwi. Anayekuomba "pesa ya fomu" aripotiwe.

Kwa nini faini za sheria ndogo ni ndogo hivyo?

Kwa kuwa baraza haliwezi kuzipandisha litakavyo. Sheria ndogo ya jiji haipaswi kupingana na Katiba wala na sheria za Bunge, na kabla ya kuanza kutumika hupelekwa kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali aithibitishe, safari ambayo huchukua miezi na wakati mwingine zaidi. Adhabu yake ina kikomo cha shilingi 40,000 au kifungo cha miezi 2. Ndiyo maana mkandarasi anayemwaga kifusi mtaroni hulipa faini huku akicheka.

Ninataka kuona hesabu za mradi, au kumlalamikia mtumishi. Nianzie wapi?

Anza kwa barua kwa Karani wa Jiji. Chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2005, raia yeyote anaweza kuomba waraka ulio mikononi mwa serikali bila kueleza sababu, na afisa anatakiwa ajibu ndani ya siku 21. Taja waraka wenyewe: mkataba wa karavati la barabara fulani, orodha ya malipo, au kumbukumbu za kikao cha tarehe fulani. Ombi la "hesabu zote za jiji" hujibiwa kwa ukimya.

Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukagua kila jiji baada ya mwaka wa fedha kufungwa, na ripoti yake hutolewa mwishoni mwa Desemba. Kamati ya hesabu za umma ya serikali ya mitaa huwaita wahusika mmoja mmoja kuhusu kila hoja iliyoandikwa humo. Rushwa huripotiwa kwa Inspekta Jenerali wa Serikali, IGG, ambaye ana ofisi mikoani. Pia yapo mabaraza ya wananchi yaliyoanzishwa na Ofisi ya Waziri Mkuu mwaka 2009, ambamo maafisa husimama mbele ya wakazi kueleza walichopokea na walichotumia. Tangazo la baraza kama hilo hutolewa redioni na kwa wenyeviti wa LC. Likitangazwa katika divisheni yako, fika mapema ukiwa na ile nakala yenye mhuri wa masijala, kwa sababu afisa ataulizwa kuhusu tarehe iliyopigwa juu yake.